Uingereza, viongozi wake na ugumu wa maisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo tunayoulizwa kila simu inapopigwa kutoka nyumbani. Ndiyo pia wanayouliza wageni walioshuka Heathrow juzi na kukuta watu wakimlaani waziri mkuu kwenye foleni ya kulipia maziwa. Majibu yanaishia kwenye bajeti ya Novemba 2025. Kila swali lina namba, ili jibu moja likupeleke kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Ya msingi

1. Waingereza wanagombana kuhusu nini hasa?

Nani aliyefanya maisha kuwa ghali, na nani aaminiwe kuyatengeneza. Ukiwatazama kwa mbali utadhani ni ugomvi wa majina: huyu anamtaka Farage wa Reform UK, yule anasema Starmer wa Labour apewe muda, mwingine anaapa kwamba nchi iliharibika siku Truss alipoingia. Kaa nao dakika tano, utakuta nyuma ya kila jina ipo bili ya gesi, pango, mkopo wa nyumba au ada ya chekechea.

Tatizo ni kwamba bei zote hizo zinatiwa chungu kimoja. Gesi ilipandishwa na vita. Riba inapangwa na Benki Kuu, ambayo tangu 1997 haipokei amri ya serikali kuhusu riba. Kodi inapangwa na Waziri wa Fedha. Kwa hiyo kila unaposikia lawama, uliza kwanza: bei ipi, na nani anayeipanga? Halafu utaona jambo la ajabu kidogo, ambalo tutalifikia kwenye maswali ya 10 hadi 13: hasira ya watu hailingani na ukubwa wa hela. Inaufuata mkono ulioonekana ukiingia mfukoni.

2. Mbona mawaziri wakuu wanabadilika kama makonda wa daladala?

Kati ya Julai 2016 na Julai 2024 wamepita watano na kuingia wa sita. David Cameron aliondoka baada ya kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, ambapo asilimia 52 walitaka nchi ijitoe Umoja wa Ulaya. Theresa May alikwama kwenye mkataba wa kujitoa huko akaondoka 2019. Boris Johnson alishinda uchaguzi kwa kishindo mwaka huohuo, lakini zikaja habari za sherehe zilizofanyika ofisini kwake wakati wananchi wamefungiwa ndani kwa korona. Polisi walimtoza faini Aprili 2022, na Julai, baada ya mawaziri na manaibu kujiuzulu makumi kwa makumi, akatangaza kuondoka. Liz Truss alikaa siku 49. Rishi Sunak aliingia Oktoba 2022 na kushindwa uchaguzi wa tarehe 4 Julai 2024. Ndipo akaja Keir Starmer wa chama cha Labour.

Wa kwanza wawili waliangushwa na Ulaya. Kuanzia Johnson mambo ya bei yameingia, ama mbele ama kwa nyuma. Sherehe zile zingewaudhi watu wakati wowote, lakini zilijadiliwa Aprili 2022, mwezi uleule bili za umeme na gesi zilipopanda kwa zaidi ya nusu.

3. Inakuwaje waziri mkuu abadilishwe bila wananchi kupiga kura?

Kwa sababu wananchi hawamchagui waziri mkuu. Wanamchagua mbunge wa jimbo lao, na mwenye wabunge wengi ndiye anayeunda serikali. Chama kikimchoka kiongozi wake kinamwondoa kwa taratibu zake chenyewe, na anayeshika chama ndiye anayehamia Downing Street, makao ya waziri mkuu.

Mwaka 2022 jambo hili liliwakera wengi. Truss alimshinda Sunak kwa kura 81,326 dhidi ya 60,399, zote za wanachama wenye kadi wa Conservative, chama chao wote wawili. Kwa hiyo watu wasiozidi 150,000 walichagua kiongozi wa nchi yenye watu takriban milioni 67. Wiki chache baadaye Sunak akaingia bila hata hizo, maana hakuna mwingine aliyepata wabunge 100 wa kumdhamini.

Kwa Labour anayetaka kumpinga kiongozi aliye madarakani lazima aungwe mkono na asilimia 20 ya wabunge wa chama. Kwa idadi waliyopata 2024 hao ni zaidi ya 80, na kuwakusanya bila siri kuvuja si kazi ya siku moja.

4. Saini za wananchi zinaweza kulazimisha uchaguzi?

Hapana. Novemba 2024 watu zaidi ya milioni 2 walitia saini ombi la kutaka uchaguzi mpya, miezi minne tu baada ya ule wa Julai. Saini 10,000 zinakupa jibu la serikali, na 100,000 zinaweza kukupa mjadala bungeni. Mjadala ulifanyika Januari 2025, wabunge wakazungumza, wakaenda zao. Uchaguzi ujao lazima uwe umefanyika ifikapo Agosti 2029, isipokuwa waziri mkuu aamue kuuitisha mapema.

5. Uingereza, England, Britania: ni kitu kimoja?

Kwa Kiswahili tunasema Uingereza kwa vyote, na inatosha kwa mazungumzo. Kwenye bili haitoshi. Scotland ina viwango vyake vya kodi ya mapato, Wales na Ireland ya Kaskazini zina serikali zake, na kikomo cha bei ya nishati tutakachokieleza kwenye swali la 8 hakiihusu Ireland ya Kaskazini.

## Bei zenyewe

6. Bei zilipanda lini, na kwa nini?

Zilianza kusogea 2021, viwanda na meli vilipokuwa vikifufuka baada ya korona. Kisha Urusi ikaivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022 na bei ya gesi ikaruka Ulaya nzima. Uingereza iliumia sana kwa sababu nyumba nyingi zinapashwa joto kwa gesi, na kwa sababu katika soko lao umeme mara nyingi unauzwa kwa bei inayowekwa na mitambo ya gesi, hata siku ambayo upepo umezalisha mwingi.

Mfumuko wa bei ulifika kilele cha asilimia 11.1 Oktoba 2022. Chakula peke yake kilifika zaidi ya asilimia 19 Machi 2023. Nambari hizo msomaji wa Kiswahili anaweza kuziona za kawaida tu. Kwa Waingereza waliozoea asilimia 2, ambayo ndiyo shabaha ya Benki Kuu yao, ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka 40 kuona kitu kama hicho. Kizazi kizima kilikuwa hakijawahi kusimama mbele ya rafu na kukuta siagi imepanda tangu wiki iliyopita.

7. Wanasema mfumuko umeshuka. Mbona bei hazishuki?

Pengine ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndipo wanasiasa na wananchi wanapopishana. Mfumuko ni mwendo wa kupanda, si mahali bei ilipo. Mfumuko ukishuka, bei inaendelea kupanda, ila polepole.

Chukua kapu la vyakula lililokuwa pauni 20 Mei 2021. Bei za vyakula zilipanda takriban asilimia 30 kufika Mei 2024, hivyo kapu hilo likawa karibu pauni 26. Mfumuko wa jumla wa mwezi huohuo wa Mei 2024 ulitangazwa katikati ya Juni kuwa umerudi asilimia 2, na Sunak akajivunia hadharani. Takwimu zilikuwa upande wake. Lakini mama aliyeshika lile kapu alikuwa bado anatoa pauni 26, akimsikiliza mtu redioni akimwambia mambo yametengemaa. Wiki mbili baadaye Sunak alipoteza uchaguzi.

8. Kikomo cha bei ya umeme na gesi ni nini, na mbona bili inakizidi?

Ofgem, mamlaka inayosimamia nishati, hutangaza kila baada ya miezi mitatu bei ya juu kabisa ambayo kampuni inaweza kumtoza mteja kwa uniti. Magazeti huigeuza kuwa bili ya mwaka ya kaya ya wastani, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: kikomo ni cha bei ya uniti, si cha bili yako. Ukitumia zaidi unalipa zaidi.

Bili hiyo ya wastani ilikuwa pauni 1,277 Oktoba 2021 na pauni 1,971 Aprili 2022. Ilitakiwa ifike pauni 3,549 Oktoba 2022. Serikali ya Truss ikaingilia na kuishikilia karibu na pauni 2,500, juu ya punguzo la pauni 400 lililokuwa limeahidiwa kabla yake kwa kila kaya. Oktoba 2025 ilikuwa pauni 1,755: chini ya kilele, lakini bado juu sana ya ilipoanzia.

Wenye mita ya kulipia kabla wana kisa chao. Ukiijua LUKU ya Tanzania au tokeni za Kenya, unaijua nusu ya mita hii: unakwenda na ufunguo wa plastiki duka la kona, muuzaji anautia kwenye mashine, unarudi kuuchomeka kwenye mita chini ya ngazi. Nusu nyingine ni ada ya kila siku, unayolipa hata usipowasha taa. Kwa viwango vya 2024 na 2025 ilizidi nusu pauni kwa siku kwa umeme peke yake, na gesi ina yake. Basi mtu anasafiri wiki tatu kwenda Tanga kuzika, anarudi usiku, nyumba baridi kama kaburi. Anatia pauni 10 na mita inazimeza karibu zote kulipa siku ambazo hakuwepo. Nimemwona mtu mzima akiipiga kofi mita.

Mapema 2023 ilifichuka kwamba baadhi ya kampuni zilikuwa zikiingia kwenye nyumba za wadaiwa, wagonjwa wakiwemo, na kuwafungia mita hizi kwa nguvu. Ofgem ikasimamisha zoezi na kuweka masharti mapya.

9. Riba imehusikaje? Mimi sina nyumba wala mkopo.

Imekuhusu kupitia mwenye nyumba. Desemba 2021 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 0.1. Ikapandishwa mara 14 mfululizo hadi asilimia 5.25 Agosti 2023, kisha ikaanza kushushwa taratibu kuanzia Agosti 2024. Mikopo mingi ya nyumba huko hufungwa kwa riba ya miaka miwili au mitano, kwa hiyo maumivu hayakuwafikia wote siku moja. Jirani mmoja aliumia 2022, mwingine barua ikamfikia 2024 wakati redio inasema hali nzuri. Wenye nyumba za kupangisha walioumia waliongeza pango, na wasioumia pia wakaongeza, maana nyumba ni chache na mpangaji hana pa kwenda.

## Lawama

10. Truss alifanya nini hasa ndani ya siku 49?

Tarehe 23 Septemba 2022 Waziri wake wa Fedha, Kwasi Kwarteng, alisoma kilichoitwa bajeti ndogo. Ilikuwa na punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45, likiwemo la kufuta kiwango cha asilimia 45 kinacholipwa na matajiri, bila kueleza hela itatoka wapi na bila kuruhusu tathmini huru ichapishwe. Masoko yakashtuka. Jumatatu iliyofuata pauni ilishuka hadi karibu dola 1.03, kiwango ambacho haijawahi kufika. Hatifungani za serikali, yaani hati za mikopo yake, zikaporomoka kwa kasi iliyotishia mifuko ya pensheni, na Benki Kuu ikalazimika kuzinunua kuokoa jahazi. Benki za mikopo zikaondoa mikopo yake sokoni na kuirudisha ikiwa na riba ya zaidi ya asilimia 6.

Kwarteng akatumbuliwa Oktoba 14, Truss akatangaza kujiuzulu Oktoba 20.

Wanaomtetea wanasema riba ilikuwa inapanda duniani kote, na hilo ni kweli. Lakini watu walioomba mkopo wiki ile waliona tarakimu zikibadilika mbele ya macho yao, na wakajua jina la aliyezibadilisha. Tangu hapo mpinzani yeyote wa Conservative analo neno moja la kumaliza ubishi.

11. Na kujitoa Umoja wa Ulaya? Si ndiko kulikopandisha bei?

Kwa sehemu. Makaratasi na ukaguzi mpakani vimeongeza gharama ya kuingiza vyakula kutoka Ulaya, na pauni ilishuka mara baada ya kura ya 2016. Lakini kilele cha 2022 kiliwakumba pia Wajerumani, Waholanzi na wengine ambao hawakutoka popote. Anayekwambia kila kitu ni sababu ya kujitoa, na anayekwambia hakikugharimu kitu, wote wanakuuzia siasa.

12. Labour walishinda kwa kishindo. Mbona walichokwa haraka?

Kishindo kilikuwa cha viti. Walipata viti 411 kati ya 650 kwa asilimia 33.7 ya kura, na waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 60 ya waliojiandikisha. Piga hesabu: ni mtu mmoja kati ya watano walioandikishwa. Wengi wa hao walikuwa wanamtoa Sunak kuliko kumwingiza Starmer.

Halafu uamuzi wa kwanza uliokaa vichwani mwa watu ulikuwa wa wazee na baridi. Tarehe 29 Julai 2024 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, akisema amekuta pengo la pauni bilioni 22, alitangaza kwamba malipo ya pauni 200 au 300 ambayo kila kaya ya wastaafu ilipewa kwa ajili ya kupasha nyumba joto yatabaki kwa maskini tu. Wazee takriban milioni 10 wakayakosa. Akiba iliyotarajiwa ilikuwa karibu pauni bilioni 1.5, yaani si kitu katika bajeti ya nchi ile. Ila kila mtu ana bibi. Mei 2025 chama kikapigwa vibaya kwenye uchaguzi wa madiwani. Juni serikali ikarudisha malipo kwa wastaafu wote wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Mwezi uliofuata wabunge wake wenyewe wakailazimisha kulegeza mpango wa kupunguza posho za walemavu.

Sisi tunaona kosa halikuwa hesabu. Tajiri mstaafu kweli hahitaji pauni 300. Kosa lilikuwa kuanza na jambo ambalo mwananchi anaweza kulieleza kwa sentensi moja: wamewanyang'anya wazee moto.

13. Kodi ipi imepanda bila kelele?

Ile ambayo haikutangazwa kuwa imepanda. Kila mtu ana kiasi cha mapato ambacho hakitozwi kodi: pauni 12,570 kwa mwaka. Kimesimama hapohapo tangu Aprili 2021. Sunak akiwa Waziri wa Fedha alikigandisha, Jeremy Hunt akasogeza mbele hadi 2028, na Reeves katika bajeti ya Novemba 2025 akasogeza hadi 2031. Vyama viwili vinavyotukanana kila Jumatano bungeni vimekubaliana hapo bila kupeana mkono.

Tazama mfanyakazi wa kima cha chini, saa 35 kwa wiki. Mwaka 2021 kima kilikuwa pauni 8.91 kwa saa, akapata takriban pauni 16,216 kwa mwaka na kulipa kodi ya mapato ya pauni 729. Kuanzia Aprili 2025 kima kilikuwa pauni 12.21, akapata pauni 22,222 kwa mwaka na kulipa pauni 1,930. Mshahara ulipanda kwa asilimia 37, kodi ikafika zaidi ya mara mbili na nusu ya ilivyokuwa. Kwa haki tuseme pia kwamba mchango wa bima ya taifa ulishushwa 2024 kutoka asilimia 12 hadi 8, na hilo linamrudishia sehemu.

Ugandishaji huu unaiingizia serikali mabilioni mara nyingi zaidi ya ile akiba ya wazee. Hakuna aliyeandamana. Linganisha na swali la 12.

14. Mbona Farage anapanda kila bei zikitajwa?

Nigel Farage aliingia bungeni 2024 katika jaribio lake la nane. Chama chake, Reform UK, kilipata asilimia 14 ya kura na viti 5 tu. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2025, kilishinda viti 677 vya udiwani, kikashika halmashauri 10, na kushinda uchaguzi mdogo wa Runcorn na Helsby kwa kura 6. Wapiga kura wake wanatoa sababu nyepesi kuelewa: tumewajaribu bluu (Conservative), tumewajaribu wekundu (Labour), bili ni ileile. Kushoto nako Greens, chama cha mazingira kilichoshinda viti 4 mwaka 2024, wanavuna hasira hiyohiyo kwa kuwalenga mabilionea badala ya wahamiaji.

Halmashauri, hata hivyo, ni mwalimu mkali. Sehemu kubwa ya bajeti zake huenda kwa wazee na watoto wanaohitaji uangalizi, mambo ya lazima kisheria, kwa hiyo aliyeahidi kufyeka matumizi hukuta hapana pa kufyeka pengi.

15. Jambo hili ni jipya, au limewahi kutokea?

La zamani sana. Robert Peel alifuta ushuru wa nafaka kutoka nje mwaka 1846 ili mkate ushuke bei, akakigawa chama chake na kuanguka mwezi huohuo. Edward Heath, katikati ya mgogoro wa makaa ya mawe na viwanda vikifanya kazi siku tatu kwa wiki, aliitisha uchaguzi Februari 1974 akatoka bila uwaziri mkuu. James Callaghan, baada ya majira ya baridi yaliyojaa migomo ya mishahara, aliangushwa bungeni Machi 1979 kwa kura moja: 311 kwa 310.

Na Margaret Thatcher, aliyemrithi, alileta ushuru wa kila mtu mzima kulipa sawa bila kujali utajiri. Wazee wetu wangeutambua mara moja: ni kodi ya kichwa. Waskochi walianza kuulipa 1989, England na Wales 1990. Machi 31 mwaka huo ghasia zikazuka London, na Novemba Thatcher akaondoka. Zipo sababu nyingine za kuondoka kwake, Ulaya ikiwa mojawapo, lakini ile ndiyo iliyomfikia kila mtu mlangoni kwa posta.

## Yanayotuhusu sisi

16. Mimi ni Mtanzania au Mkenya niliye Uingereza kwa viza. Naweza kupiga kura?

Ndiyo, na wengi hawajui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye umri wa miaka 18, anayeishi huko kihalali, anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata ya wabunge. Hapo wamo raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Msumbiji. Huhitaji uraia wa Uingereza. Mwanafunzi mwenye viza anaruhusiwa pia.

Ukifika kituoni unatakiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika. Faida ya pembeni: jina likiwa kwenye daftari la wapiga kura, kampuni za mikopo na za simu hukuthibitisha kirahisi zaidi.

17. Na mimi natoka Kongo, Burundi au Oman?

Kwa ubunge, hapana, mpaka upate uraia. Lakini ukiishi Scotland au Wales kihalali unaweza kupiga kura ya madiwani na ya bunge la huko, hata kwa pasipoti ya Burundi. England haina ruhusa hiyo.

18. Ni kweli wahamiaji ndio waliofanya maisha kuwa ghali?

Rudi swali la 1: bei ipi? Gesi hapana, riba hapana. Pango, kwa kiasi: nyumba zikiwa chache kila anayeongezeka anaongeza ushindani, na idadi halisi ya walioongezeka, yaani walioingia ukiondoa waliotoka, ilizidi 900,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023, kabla ya kushuka sana. Upande wa pili ni kwamba wengi waliitwa. Wahudumu wa wazee waliajiriwa kutoka nje kwa sababu mshahara ule wenyeji waliukataa. Kisha Machi 2024 wakakatazwa kuja na familia, na Julai 2025 mlango wa kuajiriwa kutoka nje ukafungwa.

Katika mjadala huu jina la Rwanda lilitumika kama silaha. Mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Kigali ulitangazwa Aprili 2022, Mahakama ya Juu ikaukataa Novemba 2023, na Starmer akaufuta alipoingia. Serikali mpya ilisema ulikuwa umeshakula pauni milioni 700. Waliokwenda walikuwa wanne, wote kwa hiari.

19. Nina viza yenye sharti la kutopokea ruzuku. Misaada ya gharama za maisha inanihusu?

Mingi haikuhusu: posho ya watoto, nyongeza ya mshahara mdogo na malipo yaliyofungwa nayo. Lile punguzo la pauni 400 la 2022 lilikuwa tofauti, kwa sababu lilipitia akaunti ya umeme ya kaya. Tatizo liliwapata waliopanga chumba bili zikiwa ndani ya pango: hela ilimfikia mwenye nyumba, aliyepaswa kuipitisha kwa mpangaji. Wako waliopata nusu, wako walioambiwa kodi ya pango haijapanda basi shukuru Mungu.

Benki za chakula, zinazogawa chakula bure, hazihesabiwi kuwa ruzuku, kwa hiyo kwenda huko hakuvunji sharti la viza. Mtandao mmoja wa benki hizo, Trussell, peke yake uligawa vifurushi zaidi ya milioni 3.1 katika mwaka ulioishia Machi 2024. Usione haya, foleni ile ina wauguzi.

Katika bajeti yako usisahau ada ya afya ya wahamiaji, iliyopanda Februari 2024 kutoka pauni 624 hadi 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Kwa viza ya miaka mitatu ada hiyo ni pauni 3,105, unalipa zote siku ya kuomba.

20. Sunak kweli ni mtu wa Afrika Mashariki?

Wazazi wake ndio. Baba alizaliwa Kenya, mama Tanganyika, wote wenye asili ya Kipunjabi, wakahamia Uingereza miaka ya 1960. Yeye mwenyewe alizaliwa Southampton 1980. Priti Patel, Waziri wa Mambo ya Ndani aliyetia saini ule mkataba wa Kigali, wazazi wake walitoka Uganda. Kila mtu ana maoni yake kuhusu watoto wa wahamiaji kufunga mlango waliopitia wazazi wao. Kwenye harusi za kwetu Leicester mada hii huharibu meza nzima.

21. Hadithi ya saladi iliyodumu kuliko waziri mkuu Truss ni kweli?

Kweli kabisa. Truss alipoanza kuyumba, gazeti la Daily Star liliweka saladi ya dukani, majani yale ya kijani, mbele ya kamera, likauliza nani atadumu zaidi. Ilivishwa wigi na kutiliwa macho ya plastiki. Truss aliondoka, saladi ikiwa bado mezani, imenyauka pembeni.